Sura ya Sita: Lami Ikifika Mpungani

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea kusini, huhitaji kuuliza mlima umeishia wapi. Migomba inakwisha, joto linaanza kukupiga usoni, na nchi inatandaa tambarare: huku miwa ya TPC, kule mpunga. Chekereni iko upande wa mpunga. Serikali ya Tanzania, kwa mkopo kutoka Japani, ilijenga hapa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987, na takribani hekta 1,100 za mpunga za Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria zikaanza kunywa maji ya mito ya Rau na Njoro. Hapa pia ndipo ilipo KATC, chuo ambacho wakulima na mabwana shamba kutoka mikoa mingi wamekuja kujifunza kupandikiza mpunga kwa mstari na kusawazisha majaruba.

Nimeanzia kwenye mifereji kwa sababu walioichora walijua jambo moja ambalo wachoraji wa barabara zetu hulisoma darasani wakalisahau kazini. Walijua kwamba siku moja mtu atasahau kufunga lango la maji. Atapitiwa na usingizi, atalewa, ataitwa msibani. Ndiyo maana mfereji wowote uliojengwa kitaalamu una mahali pa kumwagia maji ya ziada, ili kosa la mtu mmoja liishie mtaroni badala ya kuzoa jaruba la jirani. Hakuna mhandisi wa maji anayesema dawa ya mafuriko ni kuwakumbusha wakulima wawe makini. Atawakumbusha, ndiyo, lakini baada ya kujenga pa kumwagia.

Barabarani sisi tumeanzia kwenye kukumbusha. Sikiliza kauli inayotolewa baada ya karibu kila ajali kubwa: chanzo ni uzembe wa dereva, chanzo ni mwendo kasi, chanzo ni makosa ya kibinadamu. Kisha yanafuata maagizo. Trafiki waongezwe, tochi za kupima mwendo ziongezwe, madereva wapimwe ulevi stendi kabla ya safari. Tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, tuna stika za kubandika kwenye kioo, na kwa takribani miaka thelathini, hadi mwaka 2023, tulikuwa na marufuku ya mabasi kutembea usiku kucha. Siyabezi hayo. Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kwenda kuhesabiwa, kama watani wao wanavyosema, askari aliyesimama Same na tochi yake anaokoa watu ambao hawatajua kamwe kuwa waliokolewa. Lakini askari hukaa saa nane akaenda kulala. Kona haiendi kulala.

Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na Kosta viligongana uso kwa uso, moto ukawaka, na takribani watu 40 wakafa. Taarifa ya Ikulu ilitaja tairi la basi kupasuka. Kama ni tairi, basi ni suala la matengenezo, na matengenezo ni kosa la mtu. Hapo ndipo mjadala wetu huishia. Mhandisi wa usalama anaanzia hapo hapo tulipoishia sisi: tairi limepasuka, sawa, matairi hupasuka kila siku duniani, lakini nini kililiruhusu basi livuke mstari mweupe na kufika upande wa pili? Jibu ni kwamba hapakuwa na kitu cha kulizuia, kwa kuwa mstari mweupe ni rangi.

Wasweden waliligeuza swali hilo kuwa sera. Mwaka 1997 bunge lao lilipitisha msimamo kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachokubalika, na kwamba anayeijenga na kuiendesha barabara anabeba sehemu ya dhamana pamoja na anayeitumia. Binadamu atakosea tu, walisema. Kazi ya serikali ni kuhakikisha kosa halimuui. Kutokana na wazo hilo zikaja barabara zao za njia tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache, na katikati kamba za chuma zilizokazwa kwenye nguzo. Anayetaka kuyapita malori husubiri zamu ya upande wake. Anayesinzia anagonga kamba, gari linaharibika, mwenyewe anashuka akitetemeka. Vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa robo tatu au zaidi.

Najua msomaji wa Moshi atasema Sweden ni mbali na wana hela. Basi tuvuke mpaka tu wa Holili.

Kati ya Nakuru na Eldoret nchini Kenya kuna mteremko mrefu unaopita Sachangwan hadi Salgaa. Kwa miaka mingi jina la Salgaa lilikuwa sawa na jina la makaburi. Malori yaliyotoka nyanda za juu yalishuka hapo mengine yakiwa fri, dereva akitoa gia ili aokoe mafuta, na breki zikichoka lori lilifuata njia yake lenyewe. Polisi waliwekwa, vibao viliwekwa, viongozi wa dini waliiombea barabara. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso eneo la Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, na watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku kwa muda, kama ilivyo ada. Lakini safari hii Mamlaka ya Barabara Kuu ya Kenya, KeNHA, ilifanya na kitu kingine: ilipanua kipande hicho na kuweka ukuta wa zege katikati, wanaopanda huku, wanaoshuka kule. Madereva walibaki wale wale. Malori yale yale, mafuta ghali vile vile, na tamaa ya kushuka fri haikuondoka. Ajali za uso kwa uso zikakosa mahali pa kutokea, na vifo vikapungua kwa namna ambayo ukaguzi wa miaka mingi haukuwahi kuvipunguza.

Ukuta haukutibu kila kitu. Juni 30 mwaka 2023, kwenye njia panda ya Londiani, mbali kidogo na hapo, lori liliacha njia na kuwavamia wachuuzi, abiria na bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Pale tatizo halikuwa katikati, lilikuwa pembeni: watu walikuwa wamefanya bega la barabara kuwa soko, na serikali ilikuwa imeyaacha mambo yaende hivyo hadi siku ile. Baadaye likatoka agizo la kuhamisha masoko ya kando ya barabara. Kila ninapopita Himo au Kiboriloni siku ya soko, nikaona ndizi zimepangwa hadi ukingo wa lami na mama amekaa ameipa mgongo barabara ya malori yanayokwenda mpakani, Londiani hunijia kichwani. Kumfukuza mama yule kwa virungu vya mgambo ni rahisi, na wiki ijayo atarudi, maana mteja wake yuko barabarani. Kinachomwondoa ni soko lenye kivuli, choo na kituo cha daladala kilichoingizwa ndani, ili mteja naye ashukie huko. Hiyo ni kazi ya uhandisi, ingawa haionekani kama ya barabara.

Sasa turudi Chekereni, maana huku hali ni nyingine kabisa. Huku hakuna malori ya masafa marefu wala mabasi ya Dar es Salaam. Wakati wa mavuno, jua linapozama, barabara za mashambani zina msongamano wa aina yake. Pawatila inavuta tela lenye magunia ya mpunga na vijana watatu juu yake, ina taa moja au haina kabisa, na mwendo wake ni wa mtu anayekimbia polepole. Nyuma yake baiskeli mbili zenye majani ya ng'ombe. Bodaboda ina abiria wawili. Ng'ombe wenyewe wanarudi. Watoto wa shule wanatembea juu ya ukingo wa mfereji kwa sababu barabara imejaa. Na kila barabara inapokata mfereji kuna kalavati, na kalavati nyingi za vijijini zilijengwa na mtu aliyekuwa akihesabu mifuko ya saruji: ni nyembamba kuliko barabara yenyewe, hazina ukuta pembeni, hazina hata jiwe lililopakwa chokaa kuonyesha zinapoishia.

Kwenye changarawe yote haya hayaui mara nyingi. Mashimo ndiyo trafiki. Hakuna anayekwenda kasi kwa sababu hawezi, na anayekutana na pawatila gizani anaisikia kabla hajaiona. Ndipo lami inapofika, na watu wanapiga vigelegele kwa haki kabisa. Gunia linafika soko la Moshi bila kupasuka. Mjamzito anafika hospitali ya Mawenzi au KCMC bila kujifungulia njiani. Vumbi linakoma kuingia kwenye chakula. Sijawahi kukutana na mwanakijiji aliyeikataa lami, na mimi mwenyewe nisingeikataa.

Kinachobadilika siku ile lami inapokauka ni hesabu. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, ndani ya sekunde hiyo gari limeshakwenda mita 8. Kwenye 50 limekwenda mita 14, na kwenye 80, mita 22. Ongeza umbali wa breki zenyewe, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, na jumla ya kusimama inakuwa kama mita 13, mita 28 na mita 58. Gari lenye mwendo wa 80 lina nguvu ya kugonga zaidi ya mara mbili na nusu ya lile lenye 50. Mtu anayetembea kwa miguu akigongwa kwenye 30, mara nyingi atapona. Kwenye 80, ndugu zake wataitwa. Sasa weka taa dhaifu za Noah iliyochoka, zinazomulika mita chache tu mbele, na tela la pawatila lisilo na hata kipande cha kuakisi mwanga. Dereva huyo si lazima awe mzembe. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, hajanywa, anamuwahi mgonjwa. Ataliona tela akiwa ameshachelewa.

Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kibao kitawekwa. Kibao cha 50 kwenye barabara pana, nyoofu, laini, isiyo na nyumba karibu, ni ombi tu. Barabara yenyewe inamwambia dereva aende 80, na dereva husikiliza barabara. Wahandisi wanalijua hili tangu zamani: mwendo unachorwa mezani, kwa upana wa njia, kwa unyoofu wake, kwa kile kinachoonekana pembeni. Mhandisi akitaka watu waende 40 pale shuleni, ana namna ya kuwafanya wajisikie vibaya wakizidisha 40.

Namna tuliyoizoea ni tuta. Tanzania ni nchi ya matuta. Kuna matuta ya serikali, yenye vipimo na rangi, na kuna matuta ya wananchi, yaliyochimbwa usiku mmoja kwa majembe baada ya mtoto kugongwa. Ukiona tuta la udongo lililojengwa vibaya mahali usipolitarajia, usiwatukane wanakijiji. Uliza kwanza nani alifia hapo. Hata hivyo tuta hilo ni hatari kweli. Halina alama, linamrusha bodaboda, linavunja springi za gari la wagonjwa. Na serikali inapokuja kulibomoa kwa sababu liliwekwa bila kibali, huwa ni nadra kuja na mbadala wake. Hapo ndipo huwa nakasirika. Mtu aliyechimba tuta ameandika ripoti ya ukaguzi wa usalama kwa jembe, na sisi tunaifuta kwa greda.

Tuta likijengwa vizuri linafanya kazi yake vizuri. Kuna bora zaidi: kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa ambalo juu yake imechorwa zebra. Mtoto anavuka akiwa juu, anaonekana, na gari halina namna ila kupunguza. Kabla yake panawekwa rasta, ile mistari minene inayofanya gari litetemeke, ili anayesinzia aamke mita mia moja kabla. Rasta peke yake, bila kivuko, ni kelele tu. Madereva wa mabasi wamegundua kuwa ukizidisha mwendo mtetemeko unapungua. Zebra peke yake, bila tuta, ni mbaya zaidi, kwa sababu inamdanganya mtoto kuwa yuko salama.

Dar es Salaam kuna ushahidi wa jambo hili uliofanywa kwa makini. Shirika la Amend lilianza mwaka 2012 kushughulikia shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wanagongwa zaidi. Kazi zenyewe hazikuwa za kutisha: njia ya miguu iliyotenganishwa na magari kwa nguzo fupi, matuta, zebra, vibao, na mahali pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa na kulifungua uchochoroni. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi na ambazo bado ulikuta majeraha ya barabarani kwa watoto yamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia, WRI, ukiwashinda washindani kutoka miji tajiri zaidi. Nalipenda lile la geti kuliko yote. Kuhamisha geti ni kazi ya fundi mmoja na kibarua wake, saruji mifuko michache. Haihitaji mkopo wa benki yoyote. Inahitaji mtu wa kusimama barabarani saa saba mchana watoto wakitoka, na kuangalia wanakimbilia upande gani.

Sitaki nisikike kama barabara kubwa hazina haki yake ya fedha nyingi. Zinayo. Arusha, kipande cha Sakina hadi Tengeru cha kilomita 14 kilijengwa njia mbili kila upande, na barabara ya mchepuko ya kilomita 42 ikajengwa ili malori yasilazimike kukatiza mjini, yote kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Huku kwetu kila dereva wa barabara ya Arusha–Moshi anaijua Kikafu: unashuka ghafla kwenye korongo, daraja liko chini, na ukishalivuka unapanda tena, magari mazito yakihema. Mahali kama pale hapatibiwi kwa kibao cha fuvu na mifupa. Panahitaji daraja refu linaloruka korongo lote, na daraja la aina hiyo ni mabilioni. Vivyo hivyo barabara zinazoshuka mlimani, kutoka Marangu, Kibosho, Uru au Kidia: mteremko ni mkali, kona hazionani, na mahali pengine maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa Wachaga, yanakatiza juu ya lami mwaka mzima. Lori la ndizi au mchanga likishuka kwa breki tupu, breki zinapata moto na kuteleza. Nchi zenye milima huchimba kando ya mteremko kama huo njia ya dharura iliyojazwa kokoto nene, inayopanda juu. Dereva aliyepoteza breki anaingia humo na lori linazama na kusimama. Sisi tunamwachia achague kati ya ukuta wa nyumba ya mtu na korongo.

Swali ni namna ya kugawa fedha kati ya Kikafu na kalavati la Chekereni. Australia ina utaratibu ambao unafaa kutazamwa. Tangu miaka ya 1990 serikali yao kuu imekuwa ikitenga fungu maalumu kwa mahali palipothibitika kuua: njia panda hii, kona ile. Halmashauri inaleta takwimu za ajali za mahali hapo, inapendekeza tiba, na gharama inapimwa dhidi ya ajali zitakazozuiwa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 ilikuta ajali zenye vifo na majeruhi katika maeneo yaliyotibiwa zimepungua kwa asilimia 30. Tiba iliyoongoza kuliko zote ilikuwa kipilefti: ajali za kuumiza zilipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Wana-Moshi waliozunguka mnara wa saa maisha yao yote hawatashangaa. Kwenye kipilefti hakuna anayeweza kukugonga ubavuni kwa mwendo wa 80. Kila mtu amelazimika kupinda, na anayepinda hupunguza. Kikwaruzo kitatokea, na matusi yatatokea, ila si jeneza.

Utaratibu huo una kasoro moja kubwa kwa mahali kama Chekereni: unasubiri watu wafe kwanza. Lami mpya haina historia. Hakuna takwimu, kwa hiyo hakuna fungu. Na hata ajali zikianza, nani ataziandika? Bodaboda aliyetumbukia mfereji wa maji usiku akapelekwa hospitali na jirani hafiki kwenye daftari la polisi. Anafika kwenye wodi. Tafiti za KCMC zimeonyesha kwa miaka sasa kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoleta wagonjwa wengi zaidi wa majeraha ya kichwa pale, na pikipiki ndizo zinazotajwa sana. Hospitali ina ramani ya barabara mbovu za mkoa mzima bila kujua kuwa inayo. Karani wa mapokezi akiongeza swali moja, umeumia mahali gani hasa, kwenye kalavati lipi, kona ipi, meneja wa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, angekuwa na orodha ya kazi kila mwezi.

Njia nyingine ni kuisoma barabara kabla haijaua. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 barabara zote mpya zikidhi viwango vya kiufundi vya usalama, au ziwe za nyota tatu au zaidi, kwa kila anayezitumia, mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu. Nyota hizo hutolewa kwa kutazama vitu vinavyoonekana: bega lina upana gani, kuna mti au mfereji karibu na lami, kuna njia ya miguu, kuna kivuko. Barabara inaweza kuwa na nyota nne kwa mwenye gari na moja kwa anayetembea. Mabogini na Chekereni wanaotembea ni wengi kuliko wenye magari.

Fedha zipo kiasi gani? Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini inalipa ushuru unaoingia Mfuko wa Barabara, na bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Dereva wa bodaboda wa Chekereni anachangia kila anapojaza tangi. Fedha hizo zina kazi nyingi. TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, na masika moja tu yanaweza kufagia kazi ya miaka mitatu. Mhandisi wa wilaya anapogawa alichonacho, shimo lina sauti kuliko hatari. Shimo linapigiwa simu redioni. Kalavati lisilo na ukuta halilalamikiwi hadi usiku wa tukio. Kwa hiyo usalama ukiachwa ushindane na mashimo, utashindwa kila mwaka. Ni lazima uwe na fungu lake, hata kama ni dogo la asilimia chache, lisiloguswa na greda.

Na ukishajenga, linda. Vibao vya chuma na kingo za madaraja huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nguzo za zege na za plastiki zimesaidia kidogo, kwa kuwa hazina bei. Bado ni aibu kwamba mtu anaweza kupima kibao cha kona kali kwenye mizani, akalipwa, na mnunuzi asiulizwe kimetoka wapi.

Pana jambo la reli ambalo wengi wamelisahau. Njia ya Tanga ilifika Moshi mapema miaka ya 1910, na Kahe, si mbali na Chekereni, ikawa njia panda ya reli wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walipoleta tawi kutoka Voi. Kisha treni ya abiria ikafa kwa zaidi ya miaka ishirini. Watoto walizaliwa, wakakua na kuoa bila kuiona. Reli ikawa njia ya kupitisha mbuzi. Desemba 2019 treni ya Dar es Salaam ikarudi Moshi. Ilikuwa habari njema na fedha ya umma iliyotumika vizuri, ila pia ilikuwa hatari mpya iliyoletwa na serikali katikati ya watu waliosahau kutazama kushoto na kulia. Lami ni vivyo hivyo. Anayeileta kasi kijijini anapaswa kuileta na breki yake katika mkataba ule ule.

Mkataba ndio mahali penyewe. Kabla ya mkandarasi kuja, huja watu wa vipimo na vigingi vyao, na kijiji huitwa mkutanoni. Nimekaa kwenye mikutano ya aina hii. Mazungumzo yote humezwa na fidia: nani ana X kwenye nyumba, nani yuko ndani ya mita 30 za hifadhi, nani alijenga kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007 na nani baada. Ni haki yao, hakuna anayeweza kulaumu mtu kwa kuitetea nyumba yake. Lakini mkutano ukifungwa, nafasi imepita. Mkandarasi akishasaini, kuongeza kivuko kimoja au mita moja ya bega ni mabadiliko ya mkataba: mhandisi mshauri aandike, bei ipangwe upya, idhini itafutwe juu, na mara nyingi jibu huwa bajeti imefungwa. Siku ya vigingi kitu hicho hicho ni mstari mmoja zaidi kwenye mchoro.

Kwa hiyo mtu mmoja mkutanoni, mwalimu wa shule au mwenyekiti wa skimu au mama mwenye pawatila, anyooshe mkono kabla ya fidia. Aulize kalavati litakuwa na upana wa barabara nzima pamoja na mabega au litabana kama la zamani. Pawatila zitapita wapi, ndani ya lami au kwenye njia yake pembeni? Kati ya lami na mfereji kutakuwa na nini, kingo au nyasi? Geti la shule litatazama wapi? Maswali hayo hayajibiwi kwa kuambiwa kuwa madereva wataelimishwa. Upana wa kalavati jibu lake ni namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye michoro iliyokunjwa pale mezani, mbele ya mkutano.